Mama mkwe hataki chinchila chumbani mwake, na Oktoba inakuja

Yaya, jambo sana.

Nakuandikia mapema, jakaranda za barabarani hazijachanua bado, kwa sababu mwaka jana nilichelewa na nusura tumpoteze mnyama wa mwanangu.

Tunakaa Kampemba, hapa Lubumbashi. Kaka yangu alifanya kazi Afrika Kusini miaka mingi, na aliporudi alimletea binti yangu wa kwanza, ambaye sasa ana miaka kumi na moja, mnyama anayeitwa chinchila. Wengi hawamjui. Ni kama sungura mdogo mwenye mkia wa kindi na masikio ya panya, rangi ya majivu, manyoya laini kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Mtoto akampa jina la Pamba. Mchana kutwa analala. Jua likizama anaamka, anarukaruka kizimbani na kuguguna vijiti vyake mpaka usiku wa manane.

Mwezi wa sita na wa saba hana shida. Sisi tunajifunika blanketi mbili, yeye ndiyo kwanza amechangamka. Shida ni Oktoba, joto linapokuwa kali.

Jumapili moja Oktoba iliyopita tulirudi kutoka kanisani yapata saa nane mchana. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Sebule yetu iko upande wa magharibi na haina dari, juu ni manjanja tu, yaani mabati. Tulimkuta Pamba amelala ubavu, masikio mekundu kama pilipili iliyoiva, kidevu kimelowa mate, mbavu zinakwenda mbio. Nilipomgusa hakuinua hata kichwa. Mume wangu akachukua beseni la maji akammwagia mwili mzima. Jirani akasema tumpe maziwa. Mtoto alilia mpaka akatapika. Mwishowe tulimlaza juu ya karo, vile vigae vya sakafu ya bafuni, na kuelekea jioni akaanza kusimama. Lakini manyoya yake yalikaa na unyevu siku mbili nzima, na baada ya wiki yakaanza kunyonyoka mgongoni na ngozi ikafanya magamba. Daktari wa wanyama tuliyemwendea alituambia wazi kwamba hajawahi kumtibu mnyama wa aina hii. Alitupa dawa ya kupaka ya ukungu wa ngozi, na ilisaidia.

Baada ya hapo nilinunua vantilateri. Umeme ukiwapo naielekeza kizimbani. Lakini sioni kama inamfaa, bado anajilaza kifudifudi na kuhema, na mimi nimeshatoa pesa.

Chumba chenye ubaridi katika nyumba yetu ni kimoja tu, cha mama mkwe. Kiko nyuma, upande wa mashariki, chini ya mwembe. Kuta zake ni za matofali manene ya zamani, tena kina dari. Nilimtuma binti yangu akamwombe bibi yake tumweke Pamba humo. Mama alikataa kabisa. Alisema hawezi kulala na panya anayekwaruza usiku kucha, na kwamba katika umri wake wote hajaona watu wanaomtafutia panya ubaridi. Wifi yangu akaongezea: watoto wenyewe wanatoka jasho humu ndani, huyo mnyama ni nani? Tangu siku hiyo mezani kuna ukimya. Mume wangu yuko katikati, hasemi kitu.

Na sasa mtoto anasema Pamba ni mpweke, anataka mwenzake. Kaka yangu anaweza kutuletea jike mwezi huu wa tisa.

Yaya, mimi nauza nguo sokoni, mchana sipo nyumbani. Nifanye nini Oktoba hii? Niendelee kumwomba mama au nimwache? Na huyo jike, nimkubali?

Mama wa Kampemba

*

Mdogo wangu, jambo.

Umefanya vema kuandika sasa, wakati usiku bado una baridi kidogo na una wiki kadhaa mkononi. Mimi nilipoteza sungura wawili Oktoba moja. Kizimba chao kilikuwa kimeegemea ukuta wa magharibi, na nilikuwa nimewajazia maji ya kunywa nikaenda kazini na moyo mweupe. Niliporudi maji yalikuwapo bado. Kwa hiyo barua yako niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama.

Nianze na neno la wifi yako, kwa sababu jibu limo ndani yake. Ni kweli, watoto wanatoka jasho, na jasho hilo ndilo linalowaokoa. Likikauka juu ya ngozi huondoka na joto. Chinchila hana jasho. Mbwa akizidiwa na joto hutoa ulimi na kuhema, naye hujipoza hivyo. Chinchila hata hilo hawezi kulifanya vizuri. Alichonacho ni yale masikio makubwa yenye ngozi nyembamba, ambayo damu hupita humo kutafuta hewa ya ubaridi. Ndiyo maana siku ile yalikuwa mekundu: mwili ulikuwa unasukuma damu yote uliyoweza kwenye mlango wake mmoja, na nje ya mlango huo hewa ilikuwa ya moto kuliko yeye alivyoweza kuvumilia.

Juu ya hayo amevaa koti ambalo hakuna mnyama wa nchi kavu analo mfano wake. Mahali ambapo kichwani kwako unaota unywele mmoja, kwake huota hamsini, sitini na zaidi kutoka tundu moja. Asili yake ni milima ya Andes, Chile na nchi jirani, kwenye miamba mikavu ambako usiku ni baridi kali. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Ndugu zake Pamba wa porini wanajulikana kuishi hata juu ya mita 3,000. Koti hilo kule ni uhai. Huku, saa tisa ya mchana wa Oktoba, ni kama kumvika mtoto makoti matatu na kumfungia jikoni pamoja na mbabula, jiko la makaa linalowaka.

Sasa utaelewa kwa nini vantilateri haikumfaa. Sisi upepo unatupoza kwa sababu unakausha jasho letu. Yeye hana cha kukaushwa. Ukimpulizia hewa ya nyuzi 32 unampa hewa ya nyuzi 32 inayokimbia, basi. Usiitupe lakini. Nitakuonyesha kazi yake.

Na maji ya mume wako? Usimlaumu, alifanya alichoweza kwa mnyama aliyekuwa anakufa mbele ya mtoto wake. Ila manyoya mazito namna ile yakilowa hushika maji karibu na ngozi kwa muda mrefu sana, na unyevu huo ndio uliozaa ukungu mgongoni. Kwa kweli naamini zile karo za bafuni ndizo zilizomrudisha.

Tuseme namba, maana bila namba tutakuwa tunabahatisha. Chinchila anakaa raha kati ya nyuzi 10 na 20. Ikifika 25 anza kuchukua hatua. Ikipita 27 yuko hatarini, hata kama anakula na kuonekana mzima. Sebule yenye manjanja bila dari hapa kwetu Oktoba inapita hapo kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo nunua kipimajoto, kile cha bei ndogo cha kutundika ukutani, na kama utapata chenye kupima pia unyevu wa hewa, ongeza pesa kidogo ukichukue.

Unyevu nautaja kwa sababu watu wetu wakiona mvua za kwanza za Novemba wanashusha pumzi, wanasema joto limekwisha. Kwa Pamba halijaisha. Wafugaji wa Marekani wana hesabu yao: wanachukua joto kwa kipimo cha Fahrenheit, wanajumlisha na asilimia ya unyevu wa hewa, na jumla ikifika 150 wanajua mnyama yuko pabaya. Nyuzi 26 za kwetu ni kama 79 za Fahrenheit. Siku ya mvua unyevu ukiwa asilimia 75, jumla ni 154. Nyuzi 26 tu! Ila usiitumie hesabu hii kujifariji siku za ukavu. Oktoba hewa ikiwa kavu jumla inaweza kuonekana ndogo na mnyama akafa kwa joto peke yake. Kikomo cha 27 hakiondoki.

Hapo ndipo nyumba inapoingia. Wewe umekuwa unatafuta chombo cha kumpoza, na mimi nakuambia nyumba yenyewe ndiyo chombo. Mwishoni mwa Oktoba jua la saa sita linasimama wima juu ya mji wetu, kwa hiyo paa ndilo linalobeba mzigo wote. Baadaye jua linashuka na kuukaanga ukuta wa magharibi mpaka jioni. Sebule yako ina makosa yote mawili. Chumba cha mama mkwe kina dari inayozuia joto la paa, kina mwembe, kina matofali manene, na alasiri jua liko upande wa pili wa nyumba. Ulikiona vizuri.

Lakini hata chumba hicho kinahitaji kuendeshwa. Usiku wa Oktoba hapa Lubumbashi hushuka mpaka nyuzi 16 au 17, na huo ni utajiri tunaoupoteza. Madirisha yafunguliwe jua likishazama na hewa ya nje ikianza kuwa na ubaridi kuliko ya ndani, yenye wavu wa mbu, yabaki wazi usiku kucha ili matofali yapoe mpaka ndani. Asubuhi, saa mbili isipite, funga madirisha, shusha mapazia mazito. Najua kwetu mtu akifunga dirisha wakati wa joto anaonekana hana akili. Lakini dirisha lililo wazi saa nane mchana linaingiza moto. Vantilateri yako ifanye kazi hapa: usiku, umeme ukiwapo, isimamishe dirishani ivute hewa ya nje kuingia ndani. Itakufaa kuliko ilivyofaa mchana wote wa mwaka jana.

Kaka yako labda atakuambia nunua klima, ile mashine ya kupoza hewa. Ukiwa na uwezo na umeme wa kutegemea, hakuna kinachoishinda, na sitasema vinginevyo. Lakini mnyama ambaye uhai wake unategemea mashine moja, katika mji ambao umeme unaweza kukatika asubuhi na kurudi usiku, hana ulinzi. Tengeneza kwanza nyumba.

Sasa kizimba. Kiwe cha wavu wa chuma pande zote, kisiwe boksi wala kioo. Kikae chini, karibu na sakafu, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Ondoa vitambaa vya sufu na ile nyumba ya mbao iliyozibwa ambamo anajificha. Badala yake mpe karo. Tafuta vipande vya karo za sakafuni, au bora zaidi kipande kinene cha marumaru au granite kwa mafundi wanaokata meza za jikoni. Vipande vilivyovunjika mara nyingi huvitupa. Kimoja kiwe kizimbani, kingine kwenye frigo au sehemu yenye ubaridi, na mtu wa nyumbani avibadilishe mchana. Kifute kikauke kabla ya kukiweka. Utamwona anatandaza tumbo lake juu yake kama chapati. Hapo anajipoza, usimwondoe.

Nakuomba kitu kimoja kwa nguvu, kwa sababu tuko Katanga na mawe mazuri yamejaa kila lupango, kila ua wa nyumba: usimwekee malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, wala jiwe lolote lililotoka mgodini, hata kama ni baridi na mtoto analipenda kwa ukijani wake. Chinchila anaguguna kila kitu, meno yake hayaachi kukua, na vumbi la shaba tumboni ni sumu.

Mtungi wa udongo usiopakwa rangi, ukilazwa ubavu, ni nyumba nzuri kuliko ya mbao. Bibi zetu waliweka maji humo kwa sababu udongo unashika ubaridi. Uweke mkavu. Usining'inize nguo zilizolowa kuzunguka kizimba; kwa binadamu ni raha wakati hewa ni kavu, kwake unaongeza unyevu.

Barafu ni silaha ya saa za hatari, kati ya saa sita na saa kumi na moja. Chukua chupa za plastiki za lita moja na nusu, zijaze maji robo tatu ili zisipasuke, zigandishe usiku umeme ukiwapo. Sita zinatosha kuanzia. Mchana ifunge chupa moja kwa soksi nzito au kitambaa, iweke juu ya kizimba au imeegemea wavu kwa nje. Ukiiweka ndani ataitafuna plastiki, kwa hiyo ndani iingie tu ikiwa ndani ya kopo la chuma. Aachiwe nafasi ya kuikaribia na ya kuikimbia. Zile zinazosubiri zamu zifunike kwa blanketi ndani ya ndoo, zitakaa saa nyingi bila kuyeyuka. Vantilateri nayo, umeme ukiwapo, inaweza kupuliza kupitia chupa hizo, hapo walau hewa inayomfikia ina ubaridi.

Na kama umeme haukurudi hata usiku? Toa bidoni za maji nje jioni, kwenye sakafu ya lupango, zilale chini ya nyota. Alfajiri zirudishe ndani, zipange pande mbili za kizimba. Si barafu, lakini bidoni mbili za lita ishirini zenye maji ya nyuzi 17 zinachukua joto jingi la chumba kilichofungwa kabla hazijafika 25. Hili halihitaji umeme wala pesa, linahitaji mtu wa kuamka mapema.

Kuna habari moja nataka umsimulie mume wako na mama mezani, kwa sababu ni habari ya watu wa shaba kama sisi. Karibu chinchila wote wanaofugwa duniani leo, pamoja na Pamba, ni uzao wa kundi dogo lililochukuliwa Chile na mhandisi wa migodi wa Marekani, Mathias Chapman, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shaba ya huko. Aliwapeleka California mwaka 1923. Inasimuliwa kwamba aliwateremsha mlimani polepole, kwa miezi, ili miili yao izoee, na melini aliwawekea barafu wavuke bahari ya joto. Hao wa porini waliwindwa kwa ajili ya ngozi zao mpaka wakabaki wachache sana, na leo biashara yao imekatazwa na mkataba wa kimataifa. Kwa hiyo mama asifikiri wewe ndiye mtu wa kwanza kumtafutia mnyama huyu ubaridi. Yupo mkononi mwa mtoto wako kwa sababu mtu wa mgodini alimtafutia barafu.

Tumfikie mama sasa. Mdogo wangu, hapa nitakuambia ukweli kwa upendo: ulikosea pale ulipomtuma mtoto. Chumba ni cha mama. Kwa mtu mzima, ombi la kugusa chumba chake likiletwa na mtoto linakuwa amri iliyovaa nguo za ombi. Nenda mwenyewe, jioni, ukae chini naye pale mwembeni, umwombe radhi kwanza kwa kumpelekea neno kwa mdomo wa mjukuu. Usianze na mnyama. Anza na joto lenyewe, muulize yeye analala vipi Oktoba. Watu wazima nao joto linawaumiza kuliko wanavyosema. Mpango wa kufunga madirisha mchana na kuyafungua usiku utampa yeye chumba kizuri, Pamba awepo au asiwepo, na uufanye kwa ajili yake hata akikukatalia hilo lingine.

Halafu msikilize. Mama hakusema hamtaki Pamba. Alisema hawezi kulala na mnyama anayekwaruza usiku. Ana haki! Chinchila ni mnyama wa usiku, angemkosesha usingizi kweli. Lakini wewe huhitaji chumba chake usiku. Usiku sebule imepoa, madirisha yako wazi. Unakihitaji kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama, saa ambazo mama mwenyewe naamini anashinda nje kivulini, na Pamba amelala fofofo. Tafuta kizimba cha pili, kidogo na chepesi, cha kulalia mchana tu, chenye karo yake, nyasi kavu na chupa ya maji. Asubuhi mtoto anamhamisha kabla ya shule, jioni anamrudisha kwenye kizimba kikubwa sebuleni. Mama analala peke yake, chumba kimefagiliwa. Mwambie hivyo, saa kwa saa, na umwambie kwamba neno lake la kukwaruza ndilo lililokuonyesha njia.

Na kwa kuwa wewe uko sokoni, macho ya mchana yatakuwa ya mama. Mwombe hilo pia, usilifiche. Akikubali kubadilisha chupa ya barafu saa nane, atakuwa mlezi wa Pamba, na mimi nimeona wazee wengi wakimpenda mnyama waliyepewa kazi juu yake.

Akikataa bado, usilazimishe. Toa Pamba sebuleni vilevile. Bafuni kwenye karo, mlango umefungwa, hakuna sabuni ya unga wala dawa ya kusafishia karibu, kutamsitiri saa za mchana, mradi mvuke wa kuoga umekauka.

Mchana usimchezeshe, na mtoto asimtoe kumwonyesha marafiki wa shule. Bafu yake ya vumbi, pale anapojigaragaza kwenye unga ili kujisafisha, iwe usiku joto likishuka, na iwe ule unga laini aliokuja nao kaka yako, siyo mchanga, wala vumbi jekundu la barabarani, wala simenti. Watakaokuambia umpe tikiti maji apoe, waitikie kwa heshima na usimpe. Tumbo lake limeumbwa kwa nyasi kavu. Sukari na maji mengi vitamharisha wakati ambapo hana nguvu ya kuharisha.

Na siku ukimkuta tena amelala ubavu, masikio mekundu, mate mdomoni: mhamishe mara moja kwenye karo, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani. Lowesha kitambaa kwa maji ya kawaida, si ya barafu, ukipitishe kwenye masikio na nyayo tu. Maji ya barafu mwili mzima humshtua, na mishipa ya damu ikijibana joto linabaki ndani. Usimmiminie maziwa wala maji mdomoni, yataingia mapafuni. Akisimama mwenyewe mwekee maji anywe. Kisha mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo hata kama anaonekana amepona, jua likishashuka, si kwenye teksi iliyojaa saa tisa, na kizimbani mtie chupa ya baridi. Asipokula kesho yake, hiyo ni hatari mpya: matumbo yao yakisimama hayangoji. Daktari wenu aliyesema ukweli kwamba hamjui mnyama huyu, rudi kwake. Mwulize sasa, kabla ya Oktoba, atakuwa tayari kumpokea namna gani.

Jike. Hapana, siyo mwaka huu. Najua maneno haya yatamliza mtoto. Ungekuwa unaongeza mnyama wa pili kwenye chumba ambacho bado hujakipata, tena mlangoni mwa mwezi mbaya kuliko yote, baada ya safari ndefu. Na dume na jike hawabaki wawili. Mimba yao ni siku 111 hivi. Akipandwa mwezi wa tisa, Oktoba yote atakuwa ameibeba, na vitoto vingekuja wakati mvua imeshika na hewa imejaa unyevu. Mwambie binti yako kwamba Pamba anaweza kuishi miaka kumi na tano, hata zaidi, na yeye mwenyewe atakuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu Pamba bado yupo. Mwenzake anaweza kungoja. Mkivuka Oktoba na Novemba bila chumba kupita 27 hata siku moja, mwaka ujao mwezi wa sita, wakati wa baridi, niandikie tena tuzungumze, na hapo tutazungumzia dume mwenzake au jike na namna ya kuwakutanisha.

Kwa wiki hii fanya kazi moja tu. Mpe binti yako daftari na kipimajoto. Siku saba, aandike joto la sebuleni na la bafuni saa moja asubuhi, akirudi shuleni, na saa mbili usiku. La chumbani mwa bibi asiliandike mpaka utakapokuwa umekaa na mama mwembeni, na yeye mwenyewe amesema kipimajoto kinaweza kuingia.

Yaya wako